Kome Kujaa Mtoni Si Dalili ya Heri

Kila ninaposema kome wa mtoni wanatoweka, naulizwa: "Mbona kome bado wamejaa mtoni?" Nimechoka na swali hili. Wamejaa, ndiyo, na wote ni vikongwe. Kome wa lulu wa Ulaya, Margaritifera margaritifera, huishi zaidi ya miaka 100. Mto wa Scotland au Ireland unaweza kukosa kome wachanga kwa miaka 40, na bado ukichungulia kwa ndoo yenye kitako cha kioo utaona safu za magamba meusi. Uingereza ilipiga marufuku kuwavua mwaka 1998. Marufuku hiyo haikuwarudisha wachanga.

Uzazi wenyewe unaendelea. Jike humwaga glokidia, yaani viluwiluwi vya kome, kwa mamilioni, wachache hunasa kwenye matamvua ya samaki aina ya samoni au trauti, na mwaka unaofuata hudondoka, kila mmoja hafiki nusu milimita. Msiba huanzia hapo. Kwa miaka kama 5 kome mchanga huishi amezikwa kwenye changarawe, akitegemea maji yanayopenya katikati ya kokoto. Tope laini kutoka mashambani likiziba mianya hiyo, oksijeni huisha naye hufa. Mzee, anayevuta maji ya juu, huendelea kuishi. Ndiyo maana kumhesabu yeye hakutuambii kitu.

Utafiti uingie ndani ya changarawe. Chomeka elektrodi ya platinamu sm 5, kisha sm 10, ulinganishe redoksi, kipimo cha umeme kinachodokeza kama oksijeni inafika, na ya maji ya juu. Ikishuka zaidi ya asilimia 20 kwenye sm 5, kuna tatizo. Pima maji yakiwa yamepungua, si baada ya mafuriko kusomba tope. Usiitikise elektrodi: tundu likipanuka, maji ya juu hushuka kando yake na utasoma namba nzuri ya uongo. Pima sehemu nyingi, maana hatua moja tu pembeni hali hugeuka.

Samaki wanaobeba glokidia nao wajaribiwe mto kwa mto: kwingine glokidia hushika samoni, kwingine trauti. Tumia ambao hawajawahi kushikwa na glokidia. Aliyekwisha kushikwa hujenga kinga.

Kulea wachanga vituoni nakukubali pale wazee wanapokaribia kwisha, ila kuwaachia kwenye changarawe iliyoziba ni kuwazika. Umri wa kome nao nautilia shaka: gamba hulika kwenye kitako, pete za miaka ya mwanzo hupotea, na "miaka 85" huwa makisio. Urefu ni salama zaidi. Ireland hutaka angalau asilimia 20 ya kome wasizidi mm 65, na asilimia 5 wasizidi mm 30. Nileteeni hesabu ya hao wa mm 30.