Kabla hujabandika msimbo wa Google Analytics

Kubandika msimbo ndiyo sehemu rahisi. Unafungua akaunti ya Google Analytics, huduma ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, unapewa namba inayoanza na G-, unachukua kipande cha JavaScript na kukiweka ndani ya <head> ya kila ukurasa. Kisha unafungua ripoti ya papo hapo, unaona mgeni mmoja (ambaye ni wewe mwenyewe), na hapo wengi hufunga kompyuta wakiamini kazi imekwisha.

Tatizo ni kwamba takwimu za aina hii hazirudi nyuma. Ambacho hakikupimwa leo hutakipata mwezi ujao hata ukirekebisha mipangilio yote. Walioliona hilo vizuri ni wale waliochelewa kuhamia GA4, toleo jipya la Google Analytics: toleo la zamani liliacha kupokea data mpya tarehe 1 Julai 2023, na kumbukumbu zake hazikuhamishiwa toleo jipya. Aliyeweka GA4 mapema alikuwa na mwaka mzima wa kulinganisha. Aliyesubiri alianza na sifuri.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachogusa ni muda wa kuhifadhi data. GA4 huja ikiwa imewekwa miezi 2, na kwa akaunti ya bure unaweza kuongeza hadi 14. Ripoti za kawaida haziathiriki, lakini siku utakapotaka kuchimba kwa undani, tuseme kufuata njia waliyopita wageni hadi wakajisajili, utakuta data ya zamani imeshafutwa.

Cha pili ni kujitoa wewe na wenzako kwenye hesabu. Hapa pana mtego. Unaingiza anwani za IP za ofisi, unahifadhi, unadhani umemaliza. Kumbe kichujio chenyewe bado kiko katika hali ya majaribio na hakizuii chochote mpaka ukiwashe mahali pengine kabisa kwenye mipangilio. Sijui nani aliona huo ni mpangilio mzuri. Ila usikiwashe kwa pupa, maana kinachochujwa kimepotea moja kwa moja.

Halafu kuna viungo unavyosambaza. Mtu akibofya kiungo kutoka WhatsApp au kwenye faili la PDF, mara nyingi kivinjari hakisemi ametoka wapi, naye huingizwa kwenye kundi la waliokuja moja kwa moja. Kundi hilo likinenepa, ripoti ya vyanzo haina maana. Dawa ni kuongeza alama za UTM, yaani utm_source (chanzo), utm_medium (njia) na utm_campaign (jina la kampeni), mwishoni mwa kiungo. Amueni majina mapema na muyaandike yote kwa herufi ndogo, kwa sababu Facebook na facebook huhesabiwa kama vyanzo viwili tofauti. Na tafadhali, usiweke UTM kwenye viungo vya ndani ya tovuti yako: utafuta chanzo halisi cha mgeni na kuandika jina la bango lako mwenyewe.

Kuhusu idadi ya wageni, isome kwa tahadhari. Kinachohesabiwa ni vivinjari. Mtu mmoja mwenye simu na kompyuta ni wageni wawili. Kidakuzi cha _ga, faili dogo ambalo Google Analytics hutumia kukitambua kivinjari, kimewekwa kidumu miaka 2, lakini Safari hukifuta baada ya siku 7 mtu asiporudi, hivyo msomaji wako wa iPhone anayekuja kila baada ya wiki mbili ni mgeni mpya kila mara. Wenye vizuia matangazo huenda wasionekane kabisa. Mimi hutazama mwelekeo wa namba, sibishanii namba yenyewe.

Ukiwa na wasomaji wa Ulaya, omba ridhaa kabla vidakuzi havijawekwa. Kama hilo linakusumbua, kuna huduma mbadala: Plausible haitumii vidakuzi, na Matomo unaweza kuisimika kwenye seva yako na kuvizima.

Mwisho, jaribu. Fungua dirisha la faragha, ingia kwa kiungo chenye UTM, tazama ripoti ya papo hapo. Ufunguzi mmoja ukionekana kama miwili, msimbo umewekwa mara mbili, kwa kawaida mmoja kwenye mandhari ya tovuti na mwingine kupitia programu-jalizi. Toa mmoja, kisha zipe ripoti nyingine saa 24 hadi 48 kabla hujalalamika kwamba ziko tupu.