Kuhesabu Michango Hakutuambii Kama Wanafunzi Wameshirikiana

Mkufunzi mwenzangu ameniletea kozi yake ya masafa niikague, nami nimekuta maelekezo yale yale ambayo nimechoka kuyasoma: kila mwanafunzi achangie mara mbili kwa wiki kwenye jukwaa la majadiliano, alama moja kwa kila mchango. Kisha anauliza kwa nini wanafunzi wa Wete, Pemba, na wa Makunduchi, Unguja, hawashirikiani. Washirikiane katika nini? Swali lenyewe ni "Eleza maana ya uhifadhi wa mazingira". Wa kwanza kanakili ufafanuzi wa kitabuni, wa pili kaandika "Nakubaliana na mwenzangu", waliofuata wakashukuru, na alama wote wamepata. Kuhesabu michango ya namna hiyo ni kama kuhesabu vikombe vya kahawa barazani ili ujue mazungumzo yamefika wapi.

Swali ambalo mtu mmoja anaweza kulimaliza peke yake atalimaliza peke yake, tena ataokoa na bando lake. Katika kozi hiyo nilipendekeza mada ya mwani. Cottonii, aina yenye bei nzuri zaidi, imekuwa ikifa katika sehemu nyingi za Unguja maji ya kina kifupi yanapopata joto, na wakulima wengi wamebaki na spinosum, ilhali Pemba cottonii bado inalimwa. Kila kundi lichanganye wanafunzi wa visiwa vyote viwili, kila mmoja amhoji mkulima wa kijijini kwake, kisha waandike pamoja ushauri mmoja kwa mkulima wa Jambiani anayetaka kuirudia cottonii. Hapo mwanafunzi wa Micheweni, Pemba, ana habari ambayo mwenzake wa Paje, Unguja, hawezi kuipata kitabuni, na hana budi kumuuliza: kamba zenu mnazifunga pale panapokauka wakati wa bamvua, au mbele zaidi? Swali kama hilo halihitaji kuvutwa kwa alama.

Mipangilio ya mfumo ni jambo dogo. Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni ulioanza kutolewa mwaka 2002, ina aina ya jukwaa inayomficha mwanafunzi majibu ya wenzake mpaka aweke la kwake. Itumieni mwanzoni ili kuzuia kunakiliana, kisha hamieni kwenye jukwaa la kawaida. Makundi yawe ya watu watano au sita. Basi.

Linalohitaji subira zaidi ni adabu. Mwaka 2000 Garrison, Anderson na Archer, watafiti wa Kanada, walieleza kuwa majadiliano ya kujifunza huanzia kwenye jambo linalotatiza, yakaenda kwenye uchunguzi, kisha kuunganisha hoja, na mwisho kufikia ufumbuzi. Tafiti zilizofuata zimekuta mara nyingi kwamba mengi hukwama kwenye uchunguzi. Kwetu yana sababu ya ziada ya kukwama, kwa kuwa mwanafunzi ambaye ni mwalimu kijana wa Konde hatamwandikia mwalimu mkuu wake, aliyemo katika kundi hilo hilo, kwamba amekosea, mbele ya watu na kwa maandishi yasiyofutika. Ataandika "Shikamoo mwalimu, naomba kuongezea kidogo", kisha katika aya mbili ataibomoa hoja yote bila kuigusa kwa jina. Mkufunzi anayesahihisha kwa haraka huona hapo makubaliano, na humkata kijana alama za fikra tunduizi. Huyo anayestahili kukatwa alama ni msahihishaji.

Wengine huhamia WhatsApp, na mimi siwakatazi, mradi uamuzi wa kundi na sababu zake virudi jukwaani. Alama nazitoa kwa ushauri wa kundi, pamoja na aya fupi ambayo kila mmoja anaeleza ni hoja ipi ya mwenzake iliyombadilisha mawazo. Nakiri kwamba aya hiyo inaweza kubuniwa, na kwamba wapo wanaosoma kila kitu kimya kimya, hawaandiki neno, na kwenye mtihani wakafanya vizuri kuliko wasemaji. Hao bado sijapata njia ya haki ya kuwapa alama.