Eti ni baridi ya Mbeya

Juni ikiingia Mbeya, kila maumivu yana jibu moja. Shingo imekaza? Baridi. Vidole vina ganzi? Baridi. Nimechapa barua, mikataba na tasnifu za wanachuo kwenye steshenari pale Mwanjelwa kwa miaka sita, na mwanzoni jibu hilo lilinitosha: nilivaa koti, nikajipaka dawa ya kuchua, nikaendelea kuinama.

Baridi ina sehemu yake, siikatai. Usiku wa Juni na Julai huku hushuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi vidole huwa vizito kwenye kibodi. Mtu mwenye baridi hupandisha mabega bila kujijua, na misuli huchoka. Lakini Oktoba joto liliporudi, shingo yangu iliuma vilevile, kwa sababu skrini ilikuwa palepale, chini ya macho yangu. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5. Ukikiinamisha, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokishikilia kutwa.

Kilichonisaidia ni rimu mbili za karatasi chini ya skrini. Rimu moja ina unene wa kama sentimita 5. Unapandisha mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, au uwe chini kidogo. Karatasi zilipoisha dukani bosi alikuja kuchomoa rimu moja, na shingo yangu ikajua.

Wenye kompyuta mpakato wanadanganywa na jina: eti kwa kuwa ni ya kupakata, waipakate. Skrini na kibodi vimeungana, kwa hiyo ukiinua skrini mikono inaning'inia, ukiishusha, shingo inainama. Iinue, kisha nunua kibodi ya pembeni.

Wengine watakwambia: “Kaa wima kama askari wa gwaride.” Lakini hata mkao mzuri huumiza ukigandia humo kwa saa nne mfululizo. Simama kila nusu saa hivi. Mimi nilihamishia printa upande wa pili wa chumba, kila kurasa zikitoka lazima niinuke. Kuhusu kiti cha bei mbaya sina mengi: kama miguu haigusi chini, tafuta kigoda.

Ganzi ya vidole ndiyo inayopuuzwa zaidi, wengi wakiiita baridi yabisi. Ikishika dole gumba, cha shahada, cha kati na upande wa cha pete, halafu ikakuamsha usiku ukikung'uta mkono, huenda mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono. Kuchapa kifundo kikiwa kimekunjwa huubana zaidi, ila wajawazito na wenye kisukari hupata tatizo hili pia bila kugusa kompyuta. Usisubiri mpaka ushindwe kufunga kifungo cha shati, kamwone daktari. Na maumivu ya mgongo yakija pamoja na miguu kulegea au mkojo kukataa au kutoka wenyewe, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.