"Gesi ikivuja nitaisikia": yanayosemwa kiwandani kuhusu detekteri

Lubumbashi tumezoea harufu. Mji umekua pembeni ya tanuru la shaba lililowashwa mwaka 1911, na aliyelelewa hapa anautambua moshi wa salfa kabla hajauona: koo linakaba, macho yanawasha. Nadhani ndiyo maana wafanyakazi wengi hukiona kigunduzi cha gesi kilichofungwa ukutani, detekteri, kama pambo la wakaguzi.

"Pua yangu inatosha."

Kwa dioksidi ya salfa, pua inaweza kukustua. Kwa monoksidi ya kaboni haikusaidii chochote, maana haina harufu. Ila inayodanganya kuliko zote ni haidrojeni salfaidi, ile inayonuka mayai viza, ambayo hutoka pale asidi inapokutana na salfaidi za sodiamu zinazotumika kuyafanya madini yaelee majini ili yatengwe na mawe. Inanuka hata ikiwa chini ya sehemu 1 kwa milioni. Ikikaribia 100, pua inakufa ganzi. Mtu anasema "imeisha", kumbe imefikia kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari kwa uhai papo hapo.

"Detekteri moja inakamata gesi zote."

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata mashefu, wakubwa wa kazi. Kigunduzi cha gesi zinazolipuka kinahesabu asilimia ya kiwango cha chini cha kulipuka. Haidrojeni salfaidi huanza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Ukikiweka kilie kwenye sehemu ya kumi ya kiwango hicho, kitalia gesi ikiwa sehemu 4,000 kwa milioni. Wakati huo hakuna aliyebaki wa kukisikia.

Cha oksijeni nacho kina upofu wake. Ndugu zetu wa Goma wanaijua mazuku, kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, ikiua mbuzi na watu bila moshi wala kelele. Gesi hiyohiyo ikishika asilimia 5 ya hewa ya shimo la kiwandani, oksijeni inashuka kutoka 20.9 hadi 19.9 tu. Kengele nyingi huwekwa zilie kwenye 19.5. Kigunduzi kitanyamaza, ilhali kaboni dioksidi ya asilimia 4 tayari inahesabiwa kuwa hatari kwa uhai. Dawa ni kigunduzi cha kaboni dioksidi yenyewe.

"Kifungwe juu, forklift isikigonge."

Methani ni nyepesi, inapanda; sawa. Dioksidi ya salfa ina uzito zaidi ya mara mbili ya hewa, inatambaa chini hadi kwenye mitaro. Lakini ikitoka tanuruni ikiwa ya moto hupanda na joto kwanza, kwa hiyo kabla ya kutoboa ukuta angalia upepo unavyopita mle ndani. Forklift izuiliwe kwa chuma.

"Kikilia bure, kizime."

Hapana. Toka nje kwanza, ubishane baadaye.

"Taa ni ya kijani, kiko sawa."

Taa inasema umeme unafika. Haisemi kama gesi inafika. Vihisio, yaani sehemu za ndani zinazoihisi gesi, vikiwa vya kuunguza gesi huuliwa na mvuke wa silikoni, hata ule wa dawa ya kunyunyizia mashine, na taa isibadilike. Vile vya kemikali hukauka, hasa kiangazi chetu kikirefuka. Na kilichorekebishwa usawa wa bahari kinaweza kusoma pungufu hapa kwetu, mita kama 1,200 juu, kwa sababu hewa ni nyembamba.

Niliwahi kusimama nyuma ya fundi kwenye kiwanda kimoja akijaribu detekteri. Alivalisha kofia ya plastiki kwenye mdomo wa kifaa, akafungua chupa ndogo ya gesi ya kupimia. Tukangoja namba ipande. Sifuri. Kijana wa zamu akasema, "Lakini papa, taa si ya kijani?" Mzee hakujibu, alikwangua mdomo wa kifaa kwa ukucha, likabanduka ganda la rangi nyeupe. Waliopaka ukuta walipitisha brashi na hapo. Alipobadilisha kichujio, namba ilipanda na kengele ikalia mpaka tukaziba masikio.

Siku hizi wapaka rangi wakija, kila detekteri inavishwa mfuko wenye karatasi nyekundu, na kwenye karatasi kuna jina la mtu mmoja: atakayeutoa.