Ndege za kuvuta mabango: yanayosemwa na ukweli wake

Video za ndege ndogo zilizoanguka zikivuta mabango ya matangazo katika fukwe za nchi za mbali hufika hata kwenye simu za watu wa Mtwara na Mikindani, na maelezo yanayoambatana nazo mara nyingi humwonea rubani.

Inayorudiwa zaidi ni dhana kwamba ndege hupaa ikiwa imeshafungiwa bango, kisha uzito wa bango huiangusha. Kwa kawaida ndege hupaa bila bango. Rubani hurudi kupita chini chini juu ya uwanja, ndoano ikining'inia nyuma kwa kamba, akanasa kitanzi cha kamba ya bango kilichotandikwa juu ya nguzo mbili, kisha huinua pua ya ndege kwa kasi ili bango linyanyuke badala ya kuburuzwa ardhini. Hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu ndege bado iko karibu na ardhi, mwendo wake unapungua, na bango, ambalo tatizo lake si uzito bali upepo linaoukinga, linaivuta nyuma. Pua ikiinuliwa kupita kiasi, hewa huacha kufuata mgongo wa bawa, na ndege huporomoka hata kama injini inanguruma kwa nguvu zake zote. Dawa ni kushusha pua ili mwendo urudi, jambo linalohitaji kimo ambacho rubani huyo hana.

Wengine husema injini ikizimika ndege huanguka kama jiwe. Ndege ndogo ya injini moja aina ya Cessna 172 isiyovuta kitu, ikiwa futi 1,000 juu, huweza kuteleza angani zaidi ya kilomita 2. Bango ndilo linaloiondolea uwezo huo, na ndiyo maana kuna kifaa cha kuliachia. Kwa hiyo rubani anayelitupa bango baharini hajafanya uzembe. Ametimiza hatua ya kwanza ya kujiokoa.

Anga ya pwani, kusiko na milima, nayo hudhaniwa kuwa salama daima. Joto kali, kama la Mtwara au Lindi mchana wa kaskazi, huifanya hewa iwe nyepesi, hivyo mabawa, propela na injini vyote hupungukiwa na nguvu, huku injini yenyewe, inayofanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo, ikipata upepo haba wa kuipoza.

Na uchunguzi wa ajali haufanywi ili kumpata wa kulaumiwa: Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataja lengo moja tu, kuzuia ajali nyingine.