“Ni ngozi tu, itaota nyingine”

Karai la mafuta ya mahamri likipinduka na kumuunguza mtu alfajiri hapa Langoni, Lamu, sauti ya kwanza husema, “Leteni yai tumpake!” Kilio kikitulia, huja ya pili: “Ni ngozi tu, itaota nyingine.” Hiyo ya pili ndiyo inayoniudhi, maana husemwa na watu wazima wenye akili zao.

Kwamba ngozi ikibanduka vijidudu huingia, hilo twalijua. Tusilolijua ni kwamba na askari wa ndani huvurugika. Mtu mzima akiungua zaidi ya asilimia 20 hivi ya mwili (kiganja chake na vidole ni kama asilimia 1), nyama iliyokufa humwaga kemikali kwenye damu na kinga hupiga mbiu mwili mzima. Mishipa midogo huvuja maji, hata pasipoungua huvimba. Papo hapo chembe nyeupe za damu hupungukiwa na nguvu: makelele mengi, shabaha hakuna. Madaktari waliliona hili kwenye ngozi ya kupandikizwa kutoka kwa mtu mwingine. Kwa kawaida mwili huikataa baada ya wiki moja au mbili, lakini kwa aliyeungua vibaya ilidumu zaidi, kwa kuwa kinga haikuwa na uwezo wa kuifukuza.

“Ana homa, apewe antibayotiki.” Si lazima. Aliyeungua sana hupanda joto hata bila maambukizi. Tena dawa husafiri na damu, na gamba lililokufa halina damu; ndiyo maana madaktari hulikata mapema. Lakini akianza kuchanganyikiwa au kuhema mbio, msingoje, mpelekeni hospitali.

Yai bichi lenyewe laweza kuwa na vijidudu. Palipoungua pamwagiwe maji safi yanayotiririka, dakika 20, bila barafu. Na aulizwe alichanjwa lini pepopunda.

Kisha lile la samaki. Mgonjwa hupewa uji mtupu wiki nzima, akikatazwa samaki na mayai eti ataleta usaha. Kumbe amelala kitandani huku mwili wake ukiteketeza chakula kupita kawaida, na akiungua vibaya hali hiyo huweza kupita mwaka. Ngozi mpya hujengwa kwa protini, na kinga vilevile. Na mtu ananyimwa samaki changu, tena Lamu!