Mkopo wa gari na akaunti ya hundi kwenye vyama vya kuweka na kukopa Marekani: yanayosemwa na yalivyo

“Hiyo siyo benki, pesa zikipotea hakuna wa kumuuliza.” Hili ndilo rahisi kulijibu. Marekani vyama vya kuweka na kukopa vina mamlaka ya serikali inayovisimamia, NCUA, iliyoanza 1970, na mfuko wake wa bima hukinga akiba ya mwanachama hadi dola 250,000 kwa akaunti za jina lake peke yake, sawasawa na mteja wa benki. Vipo vyama vichache vya ngazi ya jimbo vyenye bima ya kampuni binafsi. Kwa hiyo tafuta nembo ya NCUA mlangoni au kwenye tovuti yao, na usipoiona, uliza.

“Ni lazima uwe mfanyakazi wa mahali fulani.” Zamani vingi vilikuwa hivyo. Siku hizi vingi hupokea yeyote anayeishi, anayefanya kazi au anayesali ndani ya kaunti fulani, au mwenye ndugu aliye mwanachama. Zile dola 5 au 25 unazoambiwa uziache kwenye akaunti ya akiba siyo ada. Hiyo ni hisa yako, nayo hukupa kura moja, sawa na mwenye maelfu.

“Akaunti yao ya hundi haina makato.” Ada ya kila mwezi mara nyingi haipo kweli. Ila ukitoa zaidi ya salio, faini ipo. Ukichanja kadi dukani au ukitoa pesa kwenye mashine, hawawezi kukutoza faini hiyo kama hukuikubali mapema. Watu husikia hapo tu, wakasahau kwamba hundi na malipo yanayojikata yenyewe hayahitaji ruhusa hiyo. Na mkopo wa gari ndio hasa hujikata wenyewe.

Sasa tufike penye uzito. Watu wengi huamini kwamba mkopo wa gari umeshikwa na gari basi, na akaunti nyingine zote ni mambo tofauti. Soma mkataba. Mingi ina kipengele kinachosema gari hilo ni dhamana ya madeni yako yote kwenye chama hicho, yaani kadi ya mkopo, mkopo mdogo wa dharura, kila kitu. Mwanachama analipa miaka mitano, anamaliza, anaomba hati ya umiliki wa gari. Anaambiwa haitoki, kwa sababu kwenye kadi ana deni la dola 900 lililochelewa. Anahisi ameibiwa, kumbe kipengele kilikuwepo, ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo.

Kinyume chake pia hutokea. Ukichelewesha rejesho la gari, chama kinaweza kuchukua pesa moja kwa moja kwenye akiba au akaunti yako ya hundi, na kutegemea mkataba, hata kwenye akaunti uliyofungua pamoja na mwenzi wako. Mimi nisingekopa gari mahali ninapopokelea mshahara wote bila kuwa na akaunti ndogo kwingine. Wapo watakaoniona mwoga.

“Mwenye yadi atanitafutia riba nzuri zaidi.” Huenda. Lakini yadi huruhusiwa kuongeza juu ya riba ya mkopeshaji na kubaki na tofauti. Dola 20,000 kwa miezi 60 kwa riba ya asilimia 6 ni kama dola 387 kwa mwezi. Kwa asilimia 8 ni 406. Hizo 19 huonekana chenji, ila mwisho wa mkopo zimezidi dola 1,100. Nenda na barua ya kibali cha mkopo kutoka kwenye chama chako, kisha waache yadi wajaribu kuipiku. Na usiogope kuomba sehemu tatu nne: maombi ya mkopo wa gari yanayofanyika ndani ya wiki mbili kwa kawaida huhesabiwa kama ombi moja kwenye alama zako za mkopo, yaani namba ambayo wakopeshaji huitumia kupima kama wewe ni mlipaji mzuri.

“Rejesho dogo ndio unafuu.” Mkopo uleule wa asilimia 6 ukivutwa hadi miezi 84 hushuka hadi dola 292, na riba yote hupanda kutoka kama 3,200 hadi 4,500.

“Nina siku tatu za kurudisha gari.” Kanuni ya serikali kuu ya siku tatu haihusu gari lililonunuliwa kwenye yadi.

“Ukimaliza mapema utatozwa.” Vyama vilivyosajiliwa na serikali kuu vimekatazwa na sheria kutoza faini hiyo. Riba huhesabiwa kila siku: kwenye deni la dola 20,000 kwa asilimia 6, siku moja ni kama dola 3.29. Ndiyo maana ukitaka kulimaliza, usilipe lile salio unaloliona kwenye simu. Omba kiasi cha kumalizia kwa tarehe unayotaja wewe, la sivyo utabakiza deni la dola chache na hati haitatoka.